Kuosha rimu za gari yenye breki za kaboni seramiki bila kuharibu breki

Naandika hii kwa sababu maswali ni yale yale kila wiki. Dereva anakuja na gari ya bosi, rimu zimejaa tope jekundu la kutoka kijijini, anauliza, "Kaka, hizi naweza kuzipiga asidi kama zile zingine?" Mwingine ameshapiga asidi, ndio anauliza. Mwingine kaagiza gari kutoka Uingereza au Japani, imeshuka Mombasa, imefika Kampala salama, muuzaji hakumwambia kitu chochote kuhusu breki, anakuja kuambiwa na fundi siku ya kubadilisha pedi kwamba seti nzima ya diski nne inaweza kuzidi bei ya Toyota Premio ya mtumba. Hapo ndo mtu anakaa chini.

Sasa kabla hatujaenda mbali, shika jambo moja, na mengine yote humu yanatoka kwenye hili: unaosha rimu, huoshi breki. Diski na pedi za breki zinapewa maji safi tu, basi. Sabuni, brashi, mafuta ya kung'arisha, vyote ni vya rimu na tairi.

Hakikisha kwanza kama kweli ni kaboni seramiki

Watu wanachanganyanga vitu vitatu hapa. Ukinunua pedi za Toyota pale Kisekka, soko la vipuri, zikaandikwa seramiki, hizo ni pedi tu, diski yako bado ni ya chuma cha kawaida. Ukipakiwa ile dawa ya kulinda rangi inayoitwa seramiki koting, hiyo nayo haihusiani kabisa na breki. Tunayoongelea hapa ni diski yenyewe, imetengenezwa kwa nyuzi za kaboni zilizochanganywa na silikoni iliyoyeyushwa (silikoni inayeyuka kwenye nyuzijoto 1414, kwa hiyo ujue tanuru lake lilivyo) mpaka inakuwa kitu kigumu sana kinachoitwa silikoni kabaidi. Uzito wake ni kama nusu ya diski ya chuma ya saizi hiyo. Porsche walianza kuziweka kwenye 911 GT2 mwaka 2001, na leo unaziona hata kwenye magari makubwa yanayopita Kololo na Munyonyo hapa Kampala: Cayenne, Bentayga, na Urus ambayo diski zake za mbele zina kipenyo cha milimita 440, yaani diski peke yake inalingana na rimu nzima ya gari ya kawaida.

Kutambua: rangi ya kalipa (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski) inasaidia, ila usiiamini peke yake. Porsche za kaboni seramiki huwa na kalipa za njano, BMW za M zina rangi ya dhahabu, AMG zina rangi ya shaba na maandishi juu yake. Shida ni kwamba kalipa mtu yeyote anaweza kuipaka rangi, hapa mjini nimeona Subaru zenye kalipa za njano. Na Porsche yenye kalipa nyeupe ni kitu kingine, hiyo ni diski ya chuma iliyopakwa tabaka gumu la tangsteni kabaidi.

Kwa hiyo angalia diski. Ya kaboni seramiki ni ya kijivu iliyopoa, ukiikazia macho unaona kama vipande vya nyuzi vimelala ndani yake, haing'ai kama kioo. Chukua sumaku ndogo, izungushie kitambaa chembamba isije ikachubua, iguse kwenye ule uso ambao pedi zinabana, gari ikiwa imepoa. Chuma kitaivuta sumaku, kaboni seramiki haiivuti. Na kama huna sumaku, osha gari jioni, iache ilale, asubuhi angalia: diski ya chuma itakuwa imeota kutu ya rangi ya chungwa usiku mmoja tu, ya kaboni seramiki itakuwa vilevile ulivyoiacha.

Vitu vya kuwa navyo

Tafuta hivi kabla hujamwaga hata tone la maji, maana ukianza kukimbia dukani katikati ya kazi sabuni inakaukia kwenye rimu.

- Maji ya kutosha. Kama huna bomba, jerikeni 3 za lita 20 zinatosha magurudumu manne ukiwa mwangalifu. Kwa gari iliyotoka kwenye tope ongeza mbili.
- Shampuu ya gari au sabuni ya rimu isiyo na asidi wala magadi makali, yaani pH yake iko karibu na 7, na iwe imeandikwa hivyo kwenye chupa. Chupa isiyo na lebo usiinunue hata ukiuziwa bei ya kutupa.
- Ndoo 2. Moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia brashi.
- Brashi laini ndefu ya kuingia ndani ya rimu, isiwe na waya wala kichwa cha chuma kilicho wazi. Na brashi ndogo ya kupakia rangi, ile ya inchi moja, kwa ajili ya mashimo ya boliti.
- Sponji au glovu ya kuoshea, ya magurudumu peke yake. Usije ukaipeleka kwenye bodi baadaye.
- Taulo za maikrofaiba 3 au 4, ziwe safi.
- Glavu za mpira na miwani.
- Blowa ya kupulizia maji kama unayo, kama huna sio lazima.

Vitu ambavyo visikaribie

Hapa naomba unisome polepole.

Ile dawa ya rimu wanayotumia vijana kwenye washing bei nyingi (sehemu za kuoshea magari) ni asidi. Inatoa uchafu haraka kwelikweli, ndo maana wanaipenda, gari kumi zinasubiri na kila mtu ana haraka. Lakini inakula rangi ya kalipa, inakula alumini, inachubua ile koti ya juu ya rimu, na ikiingia kwenye pedi na kwenye vile vitundu vya diski hakuna anayejua utaisuuza vipi ikatoka yote. Nililetewa gari moja kalipa zake zilikuwa za dhahabu, zimepigwa asidi mara moja tu sehemu nyingine, zikabaki na madoa meupe kama ndui. Tuliosha, tulipolishi, hayakutoka, ikabidi kalipa zote nne zifunguliwe zipakwe upya.

Na sio gari tu. Baadhi ya hizo dawa zina asidi ya haidrofloriki, na hiyo ni hatari kwa binadamu kuliko kwa rimu. Inapita kwenye ngozi inaenda ndani mpaka kwenye mfupa, na saa zingine maumivu hayaanzi palepale, yanakuja baada ya masaa, wakati madhara yameshafanyika. Naona vijana wanaishika kwa mikono mitupu, wamevaa kandambili, inaniuma sana. Kama wewe ni mwenye gari na unamwona kijana anafanya hivyo kwenye gari yako, msimamishe. Ikimmwagikia, maji mengi yanayotiririka papo hapo na hospitali siku hiyohiyo, wala asisubiri kuona kama itauma.

Vingine vya kuweka mbali: sabuni ya unga ya kufulia, stili wulu, waya wa kusugulia sufuria, msasa, dizeli au mafuta ya taa ya kung'arishia tairi, na dawa yoyote ya tairi ya kupuliza. Mafuta yakigusa diski yanaenda kwenye pedi, na pedi ikishakunywa mafuta hairudi kuwa pedi.

Hatua zenyewe

1. Acha zipoe. Gari ikitoka barabarani, hasa kama imeshuka milima ya Kabale au imekimbizwa kwenye barabara ya Entebbe, breki zinakuwa na moto mkali. Subiri nusu saa, ikiwezekana zaidi, kivulini. Kujua kama imepoa usishike diski, sogeza mgongo wa mkono karibu na rimu, kama unasikia joto likikujia, bado. Diski yenyewe inavumilia joto kuliko chuma, ila ukimwaga maji na sabuni kwenye rimu ya moto sabuni inakauka kabla hujaisugua, inaacha michirizi, na watu wakiona michirizi wanaongeza dawa kali. Ndo inavyoanzanga.

2. Anza na magurudumu kabla ya bodi. Ukiosha bodi kwanza, uchafu wa rimu utarukia pale ulipomaliza. Na fanya gurudumu moja mpaka liishe ndipo uende kwa lingine, usipake sabuni yote manne kwa mkupuo.

3. Lowesha kwa maji matupu. Hii hatua watu wanairuka na ndiyo inayofanya kazi kubwa. Vumbi letu lile jekundu likikauka linakuwa kama saruji, na ndani yake kuna mchanga. Ukiligusa na brashi likiwa kavu unakwangua rimu mwenyewe kwa mkono wako. Mwagia, subiri dakika 5, mwagia tena, litaanza kuteleza lenyewe. Usipulize vumbi kavu la breki kwa kompresa hata siku moja, utalivuta kifuani.

Kama unatumia mashine ya presha, simama mbali, sentimita 30 au zaidi, tumia ile nozeli inayotawanya maji kama feni. Ile nozeli inayozunguka au inayotoa mstari mmoja kama sindano iweke kando. Usielekeze maji moja kwa moja kwenye kalipa, kwenye ule mwanya wa pedi, kwenye waya wa sensa ya ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki), wala kwenye vile vyuma vidogo vya balansi vilivyobandikwa ndani ya rimu. Pitisha maji kwa kusogea, usikae sehemu moja.

4. Weka sabuni kwenye brashi au sponji, sio kwenye breki. Hata sabuni laini. Mtu anachukua chupa ya kupuliza anapuliza gurudumu zima kama anapulizia mbu, nusu inapita katikati ya mikono ya rimu inatua kwenye diski. Kama rimu yako ni ya mikono mipana ambayo huwezi kupuliza bila kupita ndani, puliza kwenye sponji halafu pakaa. Tone mbili tatu zikifika kwenye diski sio mwisho wa dunia kama sabuni ni ya pH 7, utazisuuza, lakini usiifanye iwe tabia.

5. Sugua kutoka ndani kuja nje. Brashi ndefu iingie nyuma ya mikono ya rimu, zungusha taratibu, ichovye kwenye ndoo ya kusuuzia kila baada ya kupita mara kadhaa ili mchanga ubaki ndoo. Kisha uso wa rimu kwa sponji, kisha mashimo ya boliti kwa ile brashi ndogo. Hapa ndani kuna nafasi ndogo sana, magari haya diski yake imejaza rimu yote, kwa hiyo mkono unakuwa umebanwa na ukivuta brashi kwa nguvu itagonga ukingo wa diski. Punguza kasi. Kalipa ipanguse kwa kitambaa chenye maji ya sabuni ile ile laini, juujuu, ile sehemu ya nje tu unayoiona.

Diski usiisugue. Narudia kwa sababu kila mtu anaishia kuuliza "sasa diski nioshe na nini": maji. Pedi zitaifuta zenyewe ukiendesha.

6. Kwa lami. Barabara ikiwa imemwagwa lami mbichi, vitone vyeusi vinaganda kwenye rimu na sabuni haivitoi. Weka dawa kidogo ya kutoa lami kwenye kitambaa, bana juu ya kitone sekunde 30, futa, osha sehemu hiyo kwa sabuni. Kwenye kitambaa, sio kupuliza. Na ile dawa ya kutoa chembe za chuma, inayobadilika ikawa zambarau, kwa breki hizi huihitaji mara kwa mara kwa sababu vumbi lake ni kidogo sana ukilinganisha na diski za chuma. Kama rimu ina vidoa vya kahawia vilivyong'ang'ania, itumie gurudumu likiwa limetolewa, na mara mbili kwa mwaka inatosha.

7. Suuza mpaka maji yatoke safi. Kisha suuza tena. Maji mengi ya kawaida kutoka juu kwenda chini, yapite kwenye rimu, kalipa na diski yote. Sogeza gari kama nusu mzunguko wa tairi halafu mwagia tena, maana ile sehemu ya diski iliyojificha ndani ya kalipa bado ina maji ya sabuni. Hii ya kusogeza gari nilijifunza kwa kuona povu linatoka kwenye kalipa wakati gari inaondoka, tangu siku hiyo sijawahi kuiacha.

8. Kausha rimu na kalipa kwa taulo. Blowa itoe maji kwenye mashimo ya boliti. Diski iache.

9. Tairi. Dawa ya kung'arisha ipake kwa sponji ubavuni tu, kidogo, ifute baada ya dakika chache ili isirushwe gari ikitembea. Ikirushwa inaenda wapi? Kwenye rimu na kwenye diski.

10. Kausha breki kwa kuendesha. Hii sio hiari. Breki za kaboni seramiki zikiwa zimelowa, mkanyago wa kwanza unaweza kuwa mlegevu, unakanyaga unahisi gari inachelewa kushika, halafu ghafla inashika. Fikiria hiyo ikutokee unapotoka getini na boda boda amekatiza mbele yako na abiria wawili. Kwa hiyo kabla ya kuingia barabarani, ukiwa ndani ya kiwanja, tembea mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu ukanyage breki mara kadhaa. Ukitoka, tafuta barabara tulivu isiyo na gari nyuma yako, nenda kilomita 40 au 50 kwa saa, kanyaga kidogo kwa sekunde 3 au 4, achia, rudia mara 6 mpaka 8 hadi usikie breki inashika vilevile kila mara. Ukiwa umeosha gari ya bosi au ya mteja, fanya hii wewe mwenyewe kabla hujakabidhi ufunguo, na mwambie.

Saa ya kutoa gurudumu

Mara nyingi huna haja. Kwa kuosha kwa kawaida gurudumu likae palepale. Ila kama mara mbili kwa mwaka, tuseme baada ya mvua za Machi hadi Mei na baada ya zile za Septemba hadi Novemba, ni vizuri kulitoa uoshe ndani vizuri, upake nta au koti ya kulinda rimu, na ukague diski kwa macho.

Hapa ndo diski nyingi zinapoumia, zaidi ya kwenye kuosha. Kaboni seramiki ni ngumu lakini ukingo wake haupendi kugongwa, unapasuka kipande kama sahani ya udongo. Magari mengi ya Kijerumani yanatumia boliti, sio nati, kwa hiyo ukishatoa boliti ya mwisho hakuna kinachoshika gurudumu, linadondoka au linainama, na ndani ya rimu kunagonga ukingo wa diski. Dawa yake ni pini za kuongozea. Porsche wanazielekeza hata kwenye kitabu cha gari: unatoa boliti moja ya juu unafunga pini mahali pake, ya pili vilevile, halafu ndio unatoa zilizobaki na kulivuta gurudumu likiwa limeegemea pini, moja kwa moja nje bila kuinamisha. Kurudisha ni hivyohivyo. Kama hazimo kwenye kifuko cha spana cha gari, agiza zenye uzi unaolingana na boliti zako.

Mimi nilishawahi kufanya bila pini, mapema nilipoanza, tulikuwa wawili tunashika gurudumu huku na huku tukadhani inatosha. Liliteleza kidogo tu, sauti yenyewe ilikuwa ndogo kama kugonga kikombe, na kipande cha ukubwa wa punje ya mchele kikatoka ukingoni. Nilimwambia mwenye gari siku ileile, gari ikalala mpaka fundi wa breki alipokuja kuipima. Tangu hapo pini zinakaa kwenye meza kabla jeki haijaguswa.

Jeki kwenye ardhi ngumu, stendi chini ya gari, usiamini jeki peke yake. Kufunga boliti tumia spana ya kupima torki, yaani nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu cha gari yako, sio ile mashine ya hewa ya wauza tairi. Na kama gurudumu lako lina nati moja kubwa katikati, liache. Kwenye 911 GT3 za miaka ya karibuni nati hiyo inakazwa kwa 600 Nm, hiyo ni kazi ya watu wawili wenye vifaa vyake.

Gurudumu likiwa nje usiguse diski kwa mikono yenye mafuta au nta, na ukipaka koti kwenye rimu ipakie mbali na gari. Pata tochi uangalie ukingo mzima, uso wa diski pande zote mbili, kama kuna mpasuko, kipande kilichotoka, au sehemu ambayo nyuzi zimeanza kuonekana zimechambuka. Usipime uchakavu kwa unene peke yake kama ulivyozoea kwenye chuma. Diski nyingi za aina hii zimeandikwa kwenye kitovu chake uzito wa chini kabisa unaoruhusiwa, na fundi anaipima kwenye mizani ikiwa safi na kavu.

Ikitokea shida

Breki zinapiga kelele baada ya kuosha. Kelele ya asubuhi au ya unyevu ni kawaida kwa breki hizi. Rudia hatua ya 10. Kama baada ya kukauka kabisa na kilomita kadhaa bado zinalia, kuna kitu kimeingia kwenye pedi.

Kuna sauti ya kukwaruza, krrr krrr, gari ikitembea polepole. Hiyo karibu kila mara ni kijiwe kimekaa kati ya diski na bati la nyuma yake, barabara zetu za vumbi zinatupa hizo zawadi kila siku. Rudi nyuma taratibu mita chache, nenda mbele, rudi tena, mara nyingi kinadondoka. Kisipodondoka toa gurudumu kwa pini. Usichokoe na bisibisi ukiwa umeinama nje, utachubua diski.

Usukani unatetemeka ukifika kilomita 80. Angalia ndani ya rimu, utakuta tope limekauka upande mmoja, kilo nzima saa zingine, au kile chuma cha balansi kimeng'olewa na presha. La kwanza unaosha, la pili unapeleka kwenye balansi.

Nimeona kutu. Kama iko kwenye uso wa diski basi diski yako sio kaboni seramiki, au unachokiona ni doa la udongo wetu, mwagia maji uone. Kama iko kwenye boliti na vipande vya chuma karibu na kitovu, hiyo inaweza kuwa kutu kweli, ya juujuu haina shida, usiipige dawa.

Mtu amepuliza dawa ya tairi au dizeli kwenye diski. Usiendeshe "ikauke". Kila ukikanyaga unazidi kuipeleka ndani ya pedi. Suuza kwa maji mengi, futa uso wa diski kwa taulo safi na kavu, badilisha taulo mpaka iwe haitoki na mafuta, halafu mwite fundi aamue kuhusu pedi. Usimimine petroli wala thina ya rangi kujaribu kusafisha.

Asidi imeshapigwa. Maji mengi sasa hivi, dakika 10 kwa kila gurudumu, bila kusugua, na usiweke magadi kujaribu kuipooza. Piga picha ya kalipa na diski kabla haijakauka, fundi atataka kuona ilivyokuwa. Madoa ya kalipa hayatoki kwa kuosha, hiyo ni rangi.

Umeona mpasuko, au kipande kimetoka kwenye ukingo. Pima kwa rula, piga picha ukiwa umeweka rula pembeni, tumia kitabu cha gari kwa sababu kila mtengenezaji ana kipimo chake cha kipande kinachovumilika. Mpasuko unaokatiza uso wa diski hauna kipimo cha kuvumilia. Gari isitoke hapo mpaka fundi anayezijua breki hizi ameiona, hata kama mwenye gari ana safari ya Mbarara kesho asubuhi, na hata kama anakwambia ataendesha polepole.